Grunia Blakher na Jogoo Aliyeitwa Mama Rabi

Grunia Blakher alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mfupi, magoti makubwa kuliko mapaja, na mdomo ambao mama yake alisema ulistahili kupewa kadi yake yenyewe ya mgao wa mkate. Nilimjua tangu utotoni na sikumpenda. Kabla ya vita walikaa ghorofa ya juu yetu hapo Vilna, na kwao walikuwa na mtindo wa kumwaga maji ya kufulia dirishani bila kutazama nani anapita. Mwenye mtindo huo alikuwa Grunia. Mimi nilipita mara tatu.

Wajerumani walipotufungia Wayahudi wote ndani ya gheto, ile mitaa saba iliyozibwa kwa kuta na mbao ikaachiwa lango moja tu, wazazi wangu walichukuliwa wiki za mwanzo na hawakurudi. Nikabaki nimekaa juu ya fungu langu la nguo uani, sijui niende wapi. Grunia akashuka, akanitazama kidogo, akamwambia mama yake kwamba mimi, Dobe, nitalala nao. Mama yake, Zelda, akasema chumbani tayari kuna familia tatu na hata mende wanalalamika. Grunia akajibu, "Huyu nimeshammwagia maji mara tatu, Mama. Ni ndugu."

Basi nikawa ndugu. Tulilala watatu kitanda kimoja: Grunia, mimi, na Bibi Etl, mama yake Zelda. Bibi Etl miguu ilikuwa imemkataa, hakutoka kitandani, na kazi yake ilikuwa kuzungumza. Alizungumza kwa mdomo na mikono yote miwili, na ukilala karibu naye ulikuwa ukiamka kwa kofi usilolistahili. Nyuma ya kabati, kwenye sehemu iliyotengwa kwa shuka, alikaa Beynish na baba yake. Beynish alikuwa na miaka kumi na mitatu, miwani yenye kioo kimoja, na heshima ya karani mkuu. Kitu chochote kilichotokea uani kwetu alikiandika.

Zelda alikuwa akitoka kila asubuhi na msururu wa wanawake kwenda kufua nguo za askari, nje ya gheto. Kutoka haikuwa taabu. Taabu ilikuwa kurudi, maana langoni walipekua mpaka soksi, na aliyekutwa na chakula alipigwa, au zaidi ya hapo. Hata hivyo Zelda alirudi na vitu. Mwezi wa Machi wa mwaka arobaini na tatu alirudi na yai. Alikuwa amelificha ndani ya fundo la nywele zake, chini ya kitambaa.

Lilikuwa yai la Bibi Etl, kwa ajili ya kifua chake. Zelda akamwekea mkononi. Watoto wa chumba kizima tukasogea kulitazama, kwa sababu wengine walikuwa wamesahau umbo lake. Mdogo kuliko wote, Tsipe, mwenye miaka mitano, aliuliza linafunguliwa upande gani.

Bibi Etl alikuwa anatafuta kijiko wakati Grunia alipoanza kuhesabu kwa sauti. Alisema tukilila ni yai moja, la mtu mmoja, na kesho hakuna. Lakini likiatamiwa, katika siku ishirini na moja tutakuwa na kifaranga. Kifaranga atakuwa kuku. Kuku atataga kila siku isipokuwa siku ya Sabato, kama ana dini. Zelda akamwuliza nani sasa ataliatamia hilo yai, wakati gheto zima halina kuku hata mmoja.

Tukajikuta wote tunamtazama Bibi Etl.

"Mnanitazamia nini?" akauliza bibi.

"Bibi," Grunia akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake tena, "wewe si umelala tu?"

Nilidhani mzee atamtupia kijiko. Lakini aliligeuza lile yai mkononi, kisha akasema amezaa watoto saba kwa uchungu, na huyu wa nane angalau hatamkoroga tumbo. Akaliweka kwapani.

Wiki tatu hizo sitazisahau. Bibi Etl hakuweza kuzungumza kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia peke yake haukumtosha, kwa hiyo kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa akianza habari na kuiacha katikati. Hakupiga chafya; akiisikia inakuja, Grunia alimbana pua. Majirani waliokuja kumjulia hali waliambiwa ana jipu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuligeuza yai asubuhi na jioni, maana Grunia alisema kuku wote hugeuza. Alilichora alama ya mkaa upande mmoja, ili nisiligeuze mara mbili na kulirudisha palepale. Beynish aliandika: siku ya kumi, yai zima, bibi mkali.

Siku ya ishirini na moja haikutokea kitu. Siku ya ishirini na mbili Zelda akasema tumepoteza yai zuri na mzee amepata kidonda cha kwapa bure. Mchana huo Bibi Etl akakunja uso, akasema, "Kuna mtu ananidonoa."

Kifaranga alikuwa amelowa, na mbaya wa sura, na rangi ya haradali, lakini Bibi Etl alilia kwa furaha kama vile ni mjukuu. Alipokauka akasimama kwenye mto, akatembea hatua nne za polepole kifua mbele, akamdonoa Beynish kwenye kidole. Bibi Etl akasema mwendo huo anaujua, ni wa mke wa rabi wa mtaa wao wa zamani, ambaye hata akija kukupa pole alikagua kwanza vumbi. Kuanzia hapo kifaranga akaitwa Mama Rabi.

Kumlisha ilikuwa kazi ya watoto wa ua mzima. Grunia alitoa sheria: kila anayetaka yai siku Mama Rabi atakapoanza kutaga, alete chochote kila siku. Wakaleta makombo, maganda ya viazi yaliyokwisha kuchemshwa mara mbili, viwavi, nzi waliouawa kwa heshima na kupangwa kwenye kipande cha gazeti. Beynish akafungua orodha. Wa kwanza alikuwa Bibi Etl, kwa kuwa ndiye mzazi. Wa pili Grunia, wa tatu mimi. Tulikuwa kumi na saba. Beynish alijiandika wa mwisho, ili asije mtu akasema karani kajipendelea. Grunia alimwita mjinga mbele ya watu wote. Beynish akasema ofisi ni ofisi.

Ile miezi tulikuwa matajiri. Nasema kweli. Njaa ilikuwepo, na watu walikuwa wakichukuliwa, na watu wazima walizungumza kwa kunong'ona na kunyamaza tukiingia. Lakini sisi tulikuwa na kitu cha kugombania. Tuligombana kama yai lichemshwe au likaangwe, na mafuta yatoke wapi. Tsipe na mtoto mwingine walipigana mpaka kutoka damu puani kwa ajili ya kiini. Zelda aliwaachanisha huku anacheka, na Zelda tangu mume wake achukuliwe alikuwa hacheki.

Mapema mwezi wa Julai, siku moja saa nne asubuhi, Mama Rabi alipanda juu ya ukingo wa kitanda, akanyoosha shingo, akawika.

Haikuwa sauti nzuri. Ilikuwa kama mlango mkavu. Lakini hakuna kuku jike duniani anayetoa sauti ile. Kisha Beynish akachukua kalamu yake, akafuta neno moja kwenye daftari, akaandika lingine juu yake.

Grunia alimtazama jogoo kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. Watoto wakubwa wakaanza kusema apikwe, na upishi wenyewe ufanyike leo. Grunia akawauliza jogoo mmoja mwembamba kwa watu kumi na saba ni kiasi gani. Beynish akapiga hesabu, akaonyesha kwa kucha ya kidole gumba. Isitoshe Bibi Etl alikwisha tangaza kwamba atakayemgusa ampitie yeye kwanza, kwamba mtoto ni mtoto, na kwamba hata yeye alitaka wa kike mara saba na akapata mmoja.

Sasa shida ikawa kuwika. Kufuga kulikatazwa, kama kulivyokatazwa karibu kila kitu, na dirisha letu halikuwa mbali na lango. Beynish ndiye aliyepata ufumbuzi. Kila jogoo akiwika, watoto wote wa uani wawike pia, ili mtu asijue yupi ni yupi. Likafanyika. Ikatokea kwamba Tsipe aliwika vizuri kuliko sote, na vizuri kuliko jogoo mwenyewe, na jogoo akaona ni matusi. Kila Tsipe alipowika, yeye alijibu. Alipojibu, sote tukalazimika kuwika. Tukimaliza, Tsipe aliona zamu imerudi kwake. Baada ya wiki moja hakuna mtu mzima kwenye ua ule aliyekuwa na akili timamu.

Ndipo akaja Tsirlin. Huyu alikuwa Myahudi mwenzetu, polisi wa ndani wa gheto. Kabla ya vita aliuza kofia, na bado aliivaa kofia yake ya upolisi kama mtu anayetaka kuiuza. Tulimsikia ngazini. Grunia alimrusha jogoo chini ya blanketi la Bibi Etl, sisi tukajipanga ukutani.

"Nani anafuga kuku humu?" Tsirlin akauliza.

"Hakuna kuku, Mzee Tsirlin," Beynish akasema. "Ni sisi. Tunafanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza."

"Mchezo gani?"

"Wa shambani."

Tsirlin akatutazama mmoja mmoja. Akaona Tsipe ndiye mdogo, akadhani ndiye rahisi. Akamwambia, haya, niwikie nisikie. Tsipe alikuwa amengoja maisha yake yote mtu mwenye sare amwombe hivyo. Akajaza kifua, akawika.

Chini ya blanketi, Mama Rabi akajibu.

Bibi Etl akaanza kukohoa. Alikohoa vizuri sana, akajipiga kifuani, akaomba maji. "Hiki kifua," akasema, "kitaniua."

Tsirlin akavua kofia. Akaipangusa kwa mkono wa shati, polepole, pande zote. Unyoya mwekundu ulikuwa umetokeza kwenye pindo la blanketi, nasi sote tulikuwa tunajitahidi kutoutazama.

"Bibi Etl, kifua hicho kimeanza lini?"

"Kabla ya Pasaka yetu, mwanangu."

"Kimeota manyoya."

"Umri, mwanangu. Wewe subiri tu."

Akavaa kofia. Mlangoni akageuka, na hakuwa anatabasamu tena. Akasema, "Kitafutieni dawa kabla ya Jumatatu. Jumatatu wanakuja Wajerumani wenyewe kukagua ua huu, na wao hawajawahi kuuza kofia." Akaondoka.

Tulikuwa na siku tatu. Zelda alisema hakuna njia, jogoo achinjwe. Grunia akakaa sakafuni, magoti yake yale kidevuni, hakusema neno mpaka jioni, jambo lililotutisha zaidi ya Tsirlin. Kisha akamwuliza mama yake swali: asubuhi mkitoka langoni, mnapekuliwa? Zelda akasema nani ampekue Myahudi anayetoka, atatoka na nini, njaa?

"Basi Mama Rabi atatoka," Grunia akasema.

Huko kwenye nyumba ya kufulia alikokuwa akifanya kazi Zelda palikuwa na mwanamke wa Kipolandi, Stefania, aliyefanya kazi ya kuchochea moto wa masufuria. Ndiye aliyempa Zelda lile yai la kwanza. Stefania alikuwa na kuku sita nyumbani, na jogoo wake majuzi aliliwa na askari, na alikuwa akisema kila siku kuku wake ni wajane na wanakonda kwa huzuni. Zelda alipomwambia, Stefania alikubali pale pale: jogoo mmoja kwa mayai kumi na saba, yatolewe kidogo kidogo.

Jumatatu alfajiri tulimfunga Mama Rabi mdomo kwa utepe wa nywele na miguu kwa soksi. Bibi Etl alimbusu kwenye utosi na kumwambia mambo kwa Kiyidi, lugha yetu, ambayo sitayarudia, mengi yakiwa ni ya kumwonya kuhusu wanawake. Zelda akambeba mgongoni chini ya shali, akainama, akawa na kibiongo. Grunia na mimi tuliwafuata kwa mbali mpaka karibu na lango. Askari alikuwa anahesabu vichwa. Kibiongo kikasogea kwenda bega la kushoto. Mwanamke aliyekuwa nyuma ya Zelda akakipiga ngumi, kikarudi katikati. Askari akahesabu, akakosea, akaanza upya, na kibiongo kikasogea tena kwenda kulia. Safari hiyo wanawake wawili waligombana ghafla juu ya nani amemkanyaga mwenzake, wakafokewa, msururu ukasukumwa nje. Grunia alikuwa ameniuma mkono bila kujua. Alama ninayo.

Wakaguzi walikuja mchana. Walikuta bibi mgonjwa na watoto walionyamaza.

Na mayai yakaja. Moja, siku nyingine mawili, kwenye fundo la nywele za Zelda. Stefania aliyachemsha kazini, kwenye sufuria lile lile la fulana za askari, kwa hiyo yalikuwa na ladha ya sabuni. Grunia akaweka sheria ya mwisho: mwenye yai lazima asimulie anapokula, ili wengine nao wapate kwa masikio. Bibi Etl alisimulia lake nusu saa, kwa mikono yote miwili, na nusu ya yai alimpa Tsipe. Mimi nilisema ni kama kumeza jua lililooshwa, nikapigiwa makofi. Ilipofika zamu ya Tsipe mwenyewe, alikula kimya mpaka mwisho. Tukamwambia asimulie. Akafikiri. Akasema, "Ni kama yai." Watu walikasirika siku mbili.

Tulifika jina la kumi na nne. Mwezi wa Agosti walianza kukamata watu mitaani na kuwapeleka Estonia kwa treni, na baba yake Beynish alikuwa miongoni mwa waliokamatwa, na Beynish akapanda naye, kwa kuwa hakutaka mzee asafiri peke yake. Aliniachia kalamu. Grunia alikuwa ameshamwambia mara mbili achukue yai kabla ya zamu yake, na mara zote mbili alikataa. Ninavyojua, alikuwa mtoto pekee wa ua wetu aliyesema uongo mara moja tu, kwa Tsirlin, na huo pia aliuandika daftarini.

Mwanzoni mwa Septemba Zelda aliona mwisho umefika. Akatupanga mimi na Grunia tutoke naye kama wanawake wa kufua. Tulivaa viatu vya visigino vilivyojazwa magazeti, tukapakwa rangi ya midomo iliyotokana na kiazi sukari chekundu, na vifuani tukawekewa soksi. Grunia alitaka soksi nne. Zelda akampa mbili. Langoni moja ikateremka mpaka kiunoni, akatembea mita mia mbili ameshika ubavu kama mwenye kichomi.

Kabla ya kutoka Bibi Etl alituweka karibu. Alisema tusikae barazani kwa watu, tusile kwa pupa, na nimwangalie Grunia mdomo. Grunia alitaka kubaki. Bibi akamwambia, "Toka, mwanangu, kitanda hiki nimekichoka kukigawana." Akatugeuzia mgongo, uso ukutani, yeye ambaye hakuwahi kumgeuzia mtu mgongo katikati ya mazungumzo.

Stefania alituficha kwenye shimo la viazi chini ya jiko la nyumbani kwake. Zelda alitufikisha, akatukumbatia, na jioni akarudi na msururu, kwa sababu mama yake hakuwa na mtu wa kumpa maji. Wiki tatu baadaye gheto halikuwepo tena. Hatukumwona yeye wala bibi.

Asubuhi ya kwanza pale kwa Stefania, Grunia aliuliza Mama Rabi yuko wapi. Stefania akaona haya. Akasema Agosti ilikuwa sikukuu ya mtakatifu ambaye mumewe anaitwa jina lake, na wageni wa kulishwa walikuwa wengi. Grunia, aliyekuwa hajalia tangu tuingie gheto, alilia siku nzima, na mimi nilijua hamlilii jogoo, na Stefania naye alijua, akamletea maziwa na kukaa naye kwenye shimo akiwa amekunja shingo, maana alikuwa mwanamke mrefu. Tulikaa humo miezi kumi, mpaka Wajerumani wakafukuzwa.

Baada ya vita mimi nilisomea unesi. Grunia alipata kazi kiwanda cha mkate hapo hapo Vilna, akawa msimamizi wa zamu, na wafanyakazi wa tanuri walisema moto wanauzoea, Grunia hawamzoei. Aliolewa na Ruvim, fundi saa, mtu mpole aliyesikia vizuri kwa sikio moja tu, na ambaye alichagua kwa makusudi upande wa kulala. Walipata mabinti wawili. Stefania alipofiwa na mumewe, Grunia alikwenda na gari la kiwanda, akampakia pamoja na kitanda na picha ya Bikira Maria, akamleta kwake ghorofa ya nne bila kumwuliza anataka au hataki.

Waliishi pamoja miaka kumi na miwili wakigombana kuhusu chumvi. Ijumaa Grunia akiwasha mishumaa, Stefania alimwambia moto uko karibu na pazia. Jumapili Stefania akienda misa, Grunia alimpeleka mpaka mlango wa kanisa, akamngoja nje na mwavuli, akinung'unika kwamba padri ana maneno mengi.

Stefania alifariki majira ya baridi ya mwaka sabini na moja. Tulimzika kwa padri na msalaba kama alivyotaka. Kutoka makaburini Grunia alivua viatu, akachana ukosi wa gauni lake, akaketi kwenye kigoda kufanya matanga ya siku saba, kama mtoto anavyomfanyia mama yake. Wazee wachache wa kwetu waliobaki mjini wakaja, na mmoja wao akamwambia kwa adabu kwamba kwa sheria yetu mtu hamkalii matanga mtu asiye wa damu, tena Mkatoliki.

"Sheria naijua, mzee wangu," Grunia akamwambia. "Sogea kidogo, unamziba Dobe nafasi ya kukaa."

Yule mzee akasogea. Nikavuta kigoda, nikakaa.